Shajara ya mradi wa antena mbili: Sinza na Kigamboni, Februari hadi Julai 2024

Jumamosi, 10 Februari 2024

Leo tumeanza rasmi, tukiwa wanne: mimi ninayefundisha fizikia katika shule ya sekondari, mwenzangu wa hisabati, fundi wa redio na ving'amuzi mwenye kibanda chake Kariakoo, na binti anayesomea uhandisi wa mawasiliano ambaye yuko mwaka wa tatu. Kusudi letu ni kufanya, kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini, kile ambacho darubini za redio za mataifa mbalimbali hufanya zinapounganishwa: kupokea mawimbi ya chanzo kimoja cha angani katika sehemu mbili zilizo mbali, kuyarekodi kila sehemu kwa saa yake, kisha kuzikutanisha rekodi hizo ndani ya kompyuta moja. Mbinu hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa VLBI, ilifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 nchini Kanada na Marekani. Faida yake ni kwamba ukali wa kuona wa darubini hutokana na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa darubini, na antena mbili zilizotengana kwa kilomita elfu kumi huhesabika, kwa jambo hili moja, kama darubini yenye upana wa kilomita elfu kumi.

Hatutarajii kugundua lolote jipya. Majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji wamo katika nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika maandalizi ya SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa yenye antena nyingi, na vijana wao wamekuwa wakipewa mafunzo ya fani hii. Tanzania haimo katika orodha hiyo, nami sioni kwa nini mwanafunzi wa Dar es Salaam angoje orodha ibadilike ndipo ashike bisibisi.

Sehemu ya kwanza ya mradi itafanyika juu ya paa moja, Sinza, kwa madishi mawili yanayolitazama jua. Sehemu ya pili itaziweka antena Sinza na Kigamboni.

Jumamosi, 24 Februari

Fundi ameleta madishi mawili ya sentimita 90, ya kawaida kabisa, pamoja na LNB zake, yaani vile vichwa vya kupokelea vinavyokaa mbele ya dishi. Kila LNB hupokea mawimbi ya karibu gigahezi 12 na kuyashusha hadi masafa ambayo waya unaweza kuyabeba, na kazi hiyo huifanya kwa kufuata mapigo ya kipande kidogo cha kwatzi kilichomo ndani yake. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa kwatzi mbili hazipigi sawasawa hata zikitoka kiwandani siku moja. Fundi alizifungua LNB zote mbili, akaing'oa kwatzi ya moja kwa ncha ya kichomeo iliyokonda kama sindano, kisha akavuta waya mwembamba kutoka kwenye ile nyingine ili zote mbili zifuate mapigo ya kipande kimoja. Alifanya hivyo bila kuongea kwa dakika arobaini, kioo cha kukuzia kikiwa kimefungwa kwa mpira kichwani. LNB ya tatu iliharibika, ndiyo sababu alinunua nne.

Bibi mwenye nyumba alipanda ngazi kuja kuangalia. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akauliza: "Mwanangu, ni chaneli gani hiyo ambayo dishi moja halikutoshi?" Nilimweleza kwamba tunalisikiliza jua. Alisema jua la Dar es Salaam halihitaji kusikilizwa, linajieleza lenyewe.

Jumamosi, 2 Machi

Katika siku hizi za mwanzo wa Machi jua hupita karibu kabisa na utosi wa Dar es Salaam, kwa kuwa mji uko latitudo ya takribani nyuzi 6.8 kusini. Mnamo saa 6:35 mchana kivuli cha fimbo iliyosimama wima kilikuwa kimetoweka chini yake, nasi tukaitumia fimbo hiyo kuyaelekeza madishi, moja upande wa mashariki na jingine upande wa magharibi, yakiwa yametengana kwa mita tatu na robo. Tuliona kwamba yakitengana zaidi ndivyo yatakavyoona vizuri zaidi, na urefu wa paa ndio uliotupa kipimo hicho.

Jua lilipopita tulitarajia grafu ipande na kushuka mara kadhaa, kwa kuwa mawimbi yanayofika kwenye madishi mawili hukubaliana kwa zamu na kupingana kwa zamu. Tulichopata ni kilima kimoja kilichopanda polepole na kushuka polepole, kana kwamba dishi lilikuwa moja tu.

Jumapili, 10 Machi

Wiki nzima imepotea. Tumebadilisha waya, tumebadilisha viunganishi, tumeshuku kazi ya fundi (naye hakupendezwa), na kilima kimebaki kilekile.

Jumamosi, 16 Machi

Kosa limepatikana, na halikuwa kwenye waya. Mwalimu wa hisabati alikaa na karatasi Alhamisi usiku akagundua kwamba madishi yalikuwa yakifanya kazi barabara. Jua lina upana wa takribani nusu ya nyuzi angani, na kwa wimbi la sentimita 2.5 mpangilio wa mita tatu na robo ndio hasa ambao ndani yake mwingiliano wa mawimbi ya upande mmoja wa jua hufuta ule wa upande wa pili. Kwa maneno mengine, tuliyatenganisha madishi kiasi cha kuona kwamba jua si nukta, na chombo kilitujibu kwa kunyamaza.

Leo tumeyasogeza hadi mita moja na nusu. Mawimbi yakajitokeza palepale kwenye skrini, kilele kwa bonde, kila wimbi likichukua karibu dakika nne jua lilipokuwa likivuka. Fundi alisimama mbele ya kompyuta mikono ikiwa kiunoni, akasema tu, "Enhe."

Ninalieleza kosa hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloonyesha mtandao wa darubini hujengwaje. Umbali mrefu huona vitu vidogo na hupofuka kwa vitu vikubwa, na umbali mfupi ni kinyume chake. MeerKAT ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa Julai 2018, ina madishi 64 yaliyopangwa ili jozi zilizo karibu zaidi ziwe na umbali wa mita 29 na zilizo mbali zaidi zifikie kilomita 8. Mtandao wa VLBI wa Ulaya, ulioanzishwa mwaka 1980, una antena ndani na nje ya bara hilo, ikiwamo ile ya mita 26 ya Hartebeesthoek karibu na Johannesburg, ambayo NASA iliijenga mwaka 1961 kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vya angani. Ukiitazama ramani utaona kwamba kati ya Ulaya na Hartebeesthoek kuna pengo kubwa, na katikati ya pengo hilo tupo sisi. Pengo la antena ni pengo la taarifa: kuna ukubwa wa vitu ambao mtandao hauwezi kuupima kwa kuwa hakuna jozi yenye umbali unaofaa.

Ndiyo maana Ghana ilipokuwa na dishi la mita 32 pale Kuntunse, lililokuwa la mawasiliano ya simu kwa setilaiti na likabaki bila kazi baada ya mikongo ya baharini kuchukua nafasi yake, wahandisi wa Ghana na Afrika Kusini hawakuliuza kama chuma chakavu bali waliligeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa Agosti 2017. Mkongo uliliua dishi, na dishi likapata maisha mengine kwa sababu ya mkongo, maana data zake nazo zinahitaji njia ya kusafiria.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikukuu ya Idi imekwisha na mvua za masika zimeshika kasi. Tumeingia sehemu ya pili.

Kutoka paa la Sinza hadi nyumba ya shemeji yake fundi, Kigamboni, ni kilomita 11 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo jua halitufai kabisa, na kwasa, yaani viini ving'aavyo vya galaksi za mbali ambavyo mitandao mikubwa huvitumia kama alama za kudumu angani, ni dhaifu mno kwa vifaa vyetu. Tumechagua setilaiti za GPS, zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu na kutangaza kwa megahezi 1,575.42. Ni nukta kwa macho ya antena yoyote, mahali pake panajulikana, na kila siku ziko juu ya vichwa vyetu.

Jumamosi, 20 Aprili

Kila kituo kilirekodi dakika mbili. Kifaa chetu, kile kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni, huchukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, na hivyo dakika mbili hutoa takribani megabaiti 576. Kuzituma rekodi kumi za namna hiyo kwa bando la simu kungekula fedha za mradi, kwa hiyo zimevuka na pantoni katika flashi, kwa nauli ya shilingi 200. Hatukuona aibu. Mtandao wa darubini uliopiga picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87 nao ulirekodi Aprili 2017 takribani petabaiti 5, yaani gigabaiti milioni tano, ambazo hakuna intaneti iliyoweza kuzibeba, diski zikasafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja hadi Desemba, majira ya baridi yalipokwisha na ndege kuweza kutua. Picha ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019.

Tulipozilinganisha rekodi zetu hatukupata kitu. Binti wa uhandisi alikuwa ametuonya. Kila kifaa kina kwatzi yake, na kwatzi ikikosea kwa sehemu moja tu katika milioni, kwa masafa haya kosa hilo ni hezi 1,575: mawimbi mawili yanayopaswa kufanana yanapishana zaidi ya mara elfu moja na mia tano kila sekunde. Juu ya paa tulilikwepa jambo hili kwa waya mmoja, lakini waya haufiki Kigamboni.

Jumatano, 24 Aprili

Mhadhiri mmoja ametuazima saa mbili zinazojirekebisha kwa GPS. Kosa lake ni kama sehemu moja katika bilioni mia moja, maana yake kwa masafa yetu itachukua zaidi ya dakika moja kabla mawimbi hayajapishana kwa duara moja zima. Vituo vikubwa hutumia saa za hidrojeni, ambazo kosa lake ni kama sekunde moja katika miaka milioni 30.

Nimekuwa nikifikiria mwaka 1969. Wamarekani na Wasovieti, katikati ya vita baridi, waliiunganisha kwa mbinu hii darubini ya Green Bank huko West Virginia na ile ya Simeiz katika Krimea. Wamarekani walilazimika kubeba saa ya atomu pamoja na mashine ya kurekodia hadi ndani ya Umoja wa Kisovieti. Ninavyoona mimi, pande hizo mbili hazikuhitaji kuaminiana katika mambo mengine yote. Zilihitaji kuiamini saa ileile.

Jumamosi, 27 Aprili

Saa nzuri tunazo, na bado hatukupata kitu. Kosa la leo ni letu wenyewe, tena la Kiswahili.

Tulikubaliana kurekodi dakika kumi baada ya kila saa, kuanzia asubuhi hadi mchana. Kompyuta ya Sinza iliyapa mafaili majina kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kama inavyotakiwa. Kigamboni, shemeji yake fundi alikuwa ameombwa ayape majina mwenyewe, na kwa kuwa rekodi ile ilifanyika saa nne na dakika kumi asubuhi aliandika 0410, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika. Saa nne na dakika kumi ya asubuhi ni 07:10 kwa UTC. Faili la 0410 la Sinza lilikuwa la saa moja na dakika kumi. Tumeshinda siku nzima tukilinganisha anga la asubuhi na anga la saa tatu baadaye, na katika muda huo setilaiti zilizokuwa mashariki zilishasogea mbali. Rekodi mbili tulizifuta kabla ya kugundua. Hizo hazirudi.

Shemeji aliomba radhi na sisi tulimwomba radhi zaidi, kwa sababu maelekezo tuliyompa hayakutaja ni saa za wapi. Wakubwa nao hukosea hivyo. Tarehe 14 Januari 2005, chombo cha Huygens kiliposhuka katika Titan, mwezi wa Zohali, mojawapo ya njia zake mbili za redio ilipotea kwa sababu amri ya kuwasha mpokeaji wake ndani ya Cassini, chombo kilichokibeba Huygens hadi huko, haikuwekwa kwenye orodha ya amri. Kipimo cha upepo wa Titan kilichotegemea njia hiyo kiliokolewa na darubini za redio duniani, Green Bank na Parkes zikiwamo, ambazo zilikuwa zimejipanga kuisikiliza sauti dhaifu ya chombo moja kwa moja. Mstari mmoja uliosahauliwa, na mtandao wa mabara kadhaa ukaufidia.

Mitandao ya leo haimwachii mtu kuandika saa kwa mazoea ya kwao. Kabla ya kila zoezi vituo vyote hupokea ratiba moja ya kusomwa na kompyuta, yenye kila chanzo, kila masafa na kila sekunde ya kuanza na kumaliza, yote kwa UTC, na kila kituo hurudisha kumbukumbu zake za hali ya hewa na hitilafu katika muundo uleule. Nilizoea kudhani kwamba ushirikiano wa kimataifa ni mikataba na mikutano. Mikataba ipo: ule wa SKA ulitiwa saini Roma Machi 2019 na kuanza kufanya kazi Januari 2021. Lakini baada ya Jumamosi ya leo naona kazi halisi iko kwenye ratiba ile.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tumeshusha madishi jana usiku na kuyafunga kwa kamba chini ya ngazi. Hakuna kazi.

Jumapili, 12 Mei

Siku mbili za ajabu. Tangu Ijumaa dunia iko ndani ya dhoruba ya sumaku iliyosababishwa na milipuko ya jua, yenye nguvu kuliko zote tangu mwaka 2003, na rekodi za jana zinaonyesha awamu, yaani mahali wimbi lilipofika kati ya kilele na bonde, ikiyumba kuliko kawaida. Tabaka la juu la angahewa ambamo mawimbi hupita huvurugika nyakati kama hizi, ila siwezi kuapa kwamba ndilo lililoyumba na si kiunganishi kilichoingia maji Kigamboni.

Leo intaneti imekatika karibu mji mzima. Mtaani wengi wanasema ni lile jua. Sababu ni mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, ambayo imepata hitilafu upande wa kusini. Flashi yetu imevuka na pantoni kama kawaida.

Jumamosi, 18 Mei

Tumepata.

Majina ya mafaili sasa hutolewa na kompyuta peke yake. Binti aliandika programu inayotelezesha rekodi moja juu ya nyingine, sampuli kwa sampuli, na kwa kila hatua inajaribu pia tofauti ndogo za masafa, kwa sababu setilaiti ikitembea umbali wake kutoka vituo viwili hubadilika kwa kasi tofauti, na kwa kilomita 11 tofauti hiyo hufika takribani hezi 10. Saa 9 alasiri skrini ilionyesha kilele. Kisha kingine. Kisha safu nzima ya vilele, kila kimoja kikiwa milisekunde moja kutoka kwa mwenzake, mithili ya meno ya kitana.

Tulinyamaza kwa woga, maana tulitafuta kilele kimoja. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyekumbuka kwamba msimbo wa GPS wa kiraia hujirudia kila milisekunde, kwa hiyo rekodi hufanana na yenyewe kila ikitelezeshwa kwa kipimo hicho. Jino refu kuliko yote ndilo la kweli, nalo lilikuwa kwenye milisekunde 61, ambayo ni tofauti ya kompyuta mbili kuanza kurekodi. Tulipolikuza tukaona kwamba jino lenyewe ni vilele vitano vilivyobanana: setilaiti tano, kila moja ikifika Kigamboni mapema au baadaye kidogo kulingana na upande iliko.

Jumamosi, 8 Juni

Wiki tatu za hesabu. Kwa kuwa Kigamboni iko kusini mashariki mwa Sinza, wimbi la setilaiti iliyo upande huo huanzia Kigamboni, na kwa kilomita 11 haliwezi kutangulia kwa zaidi ya mikrosekunde 37. Setilaiti mbili zilizokuwa pande zinazokabiliana zilitofautiana kwa mikrosekunde 52, na hesabu kutoka kwenye njia zake zilizotangazwa inatoa karibu hivyohivyo, ndani ya upana wa sampuli moja yetu, ambao ni sawa na mita 125 za safari ya wimbi. Kipimo ni cha kienyeji, ila kimetoka.

Ukikigeuza kipimo hiki, chanzo kikijulikana mahali pake, kinachopimwa ni umbali kati ya antena. Kwa njia hiyo, kwa kutumia kwasa, vituo vya VLBI vimeonyesha Ulaya na Amerika ya Kaskazini zikiachana kwa karibu sentimita mbili kwa mwaka. Sisi tunaoishi katika nchi inayopasuliwa na Bonde la Ufa tungekuwa na matumizi ya haraka ya kipimo cha aina hiyo, na naliona hili kuwa hoja nzito ya kudai antena kuliko picha za mashimo meusi, ingawa wanafunzi wangu hawakubaliani nami.

Jumamosi, 6 Julai

Kituo cha tatu kimekubaliwa. Mwalimu mwenzetu wa Kibaha ana paa la zege na umeme wa kuaminika kiasi, zaidi ya kilomita 30 kutoka Sinza. Antena mbili hutoa jozi moja, tatu hutoa jozi tatu, na hapo kuna faida ambayo Roger Jennison aliionyesha mwaka 1958 alipokuwa Jodrell Bank: ukijumlisha awamu za jozi tatu kwa kuzunguka pembetatu, makosa ya kila kituo hujifuta, kwa sababu kosa la Kigamboni linaloongezwa katika jozi moja hutolewa katika nyingine. Angahewa likivurugika tena kama Mei, jumla hiyo haitayumba. Hata kiunganishi cha kituo kimoja kikiingia maji, kosa lake litajifuta vilevile.

Saa ya tatu bado hatuna. Mhadhiri ameahidi kuuliza. Wakati huohuo fundi anaandaa boksi la plastiki la kuzuia maji, na nimechapa ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kibaha, wenye sehemu ya kuandika halijoto, mvua na umeme kukatika. Rekodi ya kwanza ni Jumamosi, 20 Julai, saa 07:00 UTC, na chini yake nimeandika kwa kalamu: saa nne kamili asubuhi kwa saa ya ukutani, ila jina la faili usiliguse.